Wauze mchezo na masharti yake pamoja



Natoa maoni yangu juu ya makampuni makubwa yanayouza michezo ya kompyuta, ambayo vijana wengi siku hizi huicheza kwa intaneti.

Februari 2024 kampuni ya Sony ilitoa mchezo uitwao Helldivers 2, uliotengenezwa na kampuni ya Arrowhead ya Sweden. Watu wa nchi nyingi waliununua katika duka la Steam. Ilipofika Mei 3, Sony ikatangaza kwamba wanunuzi wote wa huko lazima wajiandikishe pia katika mtandao wake wa PlayStation. Sharti hilo lilikuwa limeandikwa dukani tangu mwanzo, lakini halikuwa likitekelezwa. Ubaya ni kwamba mtandao huo haukuwa ukitolewa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo. Steam ikasimamisha mauzo katika nchi na maeneo 177.

Je, huo ni uungwana? Utachukuaje fedha ya mtu, kisha umwamuru apite mlango ambao kwao hukuujenga?

Wanunuzi hawakukaa kimya. Waliandika dukani humo maoni ya kulaani zaidi ya 200,000. Mei 6 Sony ikasalimu amri na kufuta sharti. Johan Pilestedt, mkuu wa Arrowhead wakati huo, alikiri hadharani kwamba naye alikuwa na sehemu ya lawama. Hata hivyo, nchi zilizofungiwa hazikufunguliwa mauzo papo hapo.

Nawaasa vijana wetu wajifunze hapo. Kilichoishinda Sony ni hoja moja iliyosemwa na wengi, siyo matusi. Wapo wachezaji ambao wakikasirika huwatukana na hata kuwatishia wafanyakazi wanaojibu maswali yao. Wafanyakazi hao hawakupanga sharti lolote. Wao wametumwa tu, na mjumbe hauawi. Anayestahili kubanwa ni yule mwenye kuamua.

Nayo makampuni yaache mtindo wa kutangaza kwanza na kusikiliza baadaye. Kabla ya kupokea fedha, yaseme wazi nani ataweza kuutumia mchezo na nani hataweza. Mnunuzi wa nchi maskini naye ni mnunuzi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida.