Wazee Wapokewe Kigongo Wangali na Nguvu

Huenda wasomaji wetu wa visiwani wakatuuliza: besiboli inatuhusu nini sisi, watu wa kandanda na mashindano ya ngalawa? Ni kweli kwamba mchezo huo wa kupiga mpira kwa kigongo si wa kwetu. Hata hivyo, nchi tunayokusudia kuizungumza si ngeni. Cuba ni nchi ya kisiwa, na madaktari wake wamewatibu wananchi wa Zanzibar kwa miaka mingi. Yaliyoifika timu yake ya taifa yanastahiki kuzingatiwa na kila aliyepewa dhamana ya vijana.

Mwaka 1961 Serikali ya Cuba ilifuta michezo ya kulipwa, na mwaka 1962 ikaanzishwa ligi ya taifa ya wachezaji wa ridhaa. Watoto waliteuliwa mapema na kulelewa katika skuli za michezo. Matunda yake yalionekana Barcelona mwaka 1992, besiboli ilipoingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki. Cuba ilitwaa nishani ya dhahabu, na ikaitwaa tena Atlanta mwaka 1996. Katika mashindano yote mawili haikushindwa hata mchezo mmoja.

Waama, sifa nyingi huleta usingizi. Timu iliyokwenda Sydney mwaka 2000 iliwategemea mno mashujaa wale wale: Antonio Pacheco akiwa na umri wa miaka 36, Orestes Kindelán miaka 35 na Omar Linares miaka 32. Kwanza walifungwa na Uholanzi 4-2. Kisha, katika fainali, Marekani iliwashinda 4-0, na mrushaji wa mpira aliyewanyima hata pointi moja alikuwa Ben Sheets, kijana wa miaka 22.

Hatuwakosei adabu mashujaa hao. Kosa halikuwa lao, kwani mchezaji hajiteui mwenyewe. Kosa ni la wale ambao, kwa kuona haya au kwa kuogopa lawama, hushindwa kumwambia mzee aliyeitumikia nchi kwamba sasa umefika wakati wa kufundisha.

Cuba ilijisahihisha. Mwaka 2002 Linares alikwenda kucheza Japani, na nafasi za wakubwa zikashikwa na vijana. Huko Athens mwaka 2004, akina Yulieski Gourriel wa miaka 20 na Frederich Cepeda wa miaka 24 waliirudisha dhahabu nyumbani kwa kuishinda Australia 6-2. Hilo lilikuwa somo zuri, lau lingehifadhiwa.

Halikuhifadhiwa. Mwaka 2021, timu ya Cuba ilipokwenda Florida kutafuta nafasi ya Michezo ya Tokyo, Cepeda yule yule alikuwamo, naye keshafika miaka 41. Walifungwa na Venezuela, wakafungwa na Canada, safari ikaishia hapo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1992 kwa Cuba kukosekana katika besiboli ya Olimpiki. La kusikitisha zaidi, César Prieto wa miaka 22, mmoja wa waliotarajiwa kurithi, aliiacha timu huko huko Florida. Baadaye mwaka huo, wachezaji zaidi ya 10 wa timu ya vijana walibaki Mexico, hawakurejea.

Tusisahau kwamba Cuba imebanwa na vikwazo vya Marekani. Mapatano ya Desemba 2018, ambayo yangewawezesha wachezaji wake kucheza Marekani kwa njia ya halali, yalifutwa na Serikali ya Marekani mwezi Aprili 2019. Lakini adui wa nje hazuii mtu kutengeneza nyumba yake. Mwaka 2023 Cuba ilikubali kuwaita baadhi ya wanawe waliokuwa wakicheza katika ligi kuu ya Marekani, akiwamo Yoán Moncada na Luis Robert, ikafika nusu fainali ya mashindano ya dunia. Ilifungwa na Marekani 14-2, lakini ilikuwa imethibitika kwamba aliyeondoka si lazima ahesabiwe kuwa amepotea.

Nasi tujitazame. Zanzibar ilitwaa Kombe la Chalenji mwaka 1995. Ilipita miaka 22 kabla ya kufika tena fainali mwaka 2017, kule Machakos, ilipofungwa na Kenya kwa penalti. Miongoni mwa waliotufikisha huko alikuwamo Feisal Salum, kijana wa miaka 19, na mwaka uliofuata alivuka kwenda Yanga. Tumwonee fahari. Lakini tujiulize: siku ile alipopanda boti, nani alikuwa keshaandaliwa kushika nafasi yake?

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wahusika mambo matatu. Kwanza, mabadiliko yafanywe timu ikiwa bado inashinda, ili kijana acheze pembeni ya mkubwa na kujifunza kwake. Akisubiri mpaka mkubwa aanguke, hatakuwa na wa kumfundisha. Pili, mchezaji anayestaafu apewe kazi ya kulea vijana wa skuli na vijijini, kwa heshima na kwa posho, asiachwe barazani kusimulia ya zamani. Tatu, anayekwenda nje aagwe vizuri, ili siku akiitwa aitike.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nasi tunaongeza kwamba nahodha mwema humfundisha mwanawe kushika usukani bahari ikiwa shwari. Hangoji tufani.