Filamu ya Idi Amin: Riwaya Isiyo na Sanadi

Ndugu msomaji, vijana wetu wa Mikocheni wanapoulizwa Idi Amin alikuwa nani, aghalabu hujibu kwa yale waliyoyaona katika filamu ya The Last King of Scotland. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2006, na Forest Whitaker, aliyemwigiza Amin, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007. Katika uigizaji wake hatuna neno. Neno letu liko katika kisa chenyewe.

Asili ya filamu ni riwaya ya Giles Foden, Mwingereza aliyekulia Afrika, iliyochapishwa mwaka 1998 na kununuliwa kwa wingi. Foden alimbuni tabibu wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, akamweka kando ya Amin awe shahidi. Shahidi huyo ni dhaifu: anaiona dhuluma, ananyamaza, kisha anaendelea kula mezani kwa dhalimu. Hapo ndipo penye mazingatio ya kitabu, kwani msomaji hulazimika kujiuliza yeye angefanyaje. Tena kitabu kinafika hadi mwaka 1979, majeshi ya Tanzania yanapoingia Kampala.

Filamu imeyatupa yote mawili. Garrigan amegeuzwa kijana mtanashati anayezini na Kay, mke wa Amin, jambo ambalo kitabuni halimo. Kay hakuwa mtu wa kubuniwa. Alikuwa mama wa watoto, akafa kifo kibaya mwaka 1974, na mtu aliyehusishwa naye alikuwa daktari Mganda. Kumzulia marehemu mwenye jina lake uzinzi na mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, ili watazamaji wasisimke, ni kuvunja heshima ya mtu asiyeweza kujitetea.

Kisha kisa kinakomea Entebbe, mwaka 1976. Daktari Mganda anatoa roho yake ili Mskoti apande ndege akautangazie ulimwengu, kwa kuwa yeye ni mzungu na ataaminiwa. Waganda waliouawa kwa maelfu, Wakristo na Waislamu, wamebaki kuwa pambo la safari ya kijana mmoja wa Ulaya.

Na Kagera je? Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka eneo la maili za mraba zipatazo 700, yakaua raia na kupora mifugo. Watanzania wakaitika kutoka kila mkoa, wakapigana pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, hadi Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Anayeitegemea filamu hii hatamwona hata askari mmoja wao.

Jambo hili linatugusa Waislamu kwa namna ya pekee. Amin alibeba jina letu. Wapo waliompenda kwa jina hilo tu, na wapo wanaoutuhumu Uislamu kwa jina hilo hilo. Wote wamesahau kwamba miongoni mwa waliomng'oa walikuwamo Waislamu wa nchi hii, na kwamba alipoanguka, Waislamu wasio na hatia wa Bushenyi, magharibi mwa Uganda, waliuawa mwaka huo huo wa 1979. Surat An-Nisaa, aya ya 135, inatuamuru kutoa ushahidi wa haki ijapokuwa ni dhidi yetu wenyewe. Basi dhuluma ya Amin tuiite dhuluma bila kigugumizi, na dhuluma waliyotendewa wenzetu baada yake tuitaje vilevile.

Wanazuoni wa Hadithi hawakupokea riwaya kabla ya kumjua mpokezi: alikuwa nani, aliishi lini, alimsikia nani. Kiswahili kimelitwaa neno hilo kwa maana ya kisa cha kubuni, na hapana ubaya, maadamu msomaji anajua kipi ni kipi. Kijana anayeifanya filamu hii kuwa historia anapokea habari kutoka kwa mpokezi asiyekuwapo.

Wapokezi wa kweli tunao. Ni wazee waliopigana vita vile, wanaoswali nasi safu za mbele, na ambao mmoja baada ya mwingine tunawazika. Walimu wa madrasa na maimamu wawaalike baada ya swala ya Alasiri, wanafunzi wawaulize na kuandika majina, miaka na mahali. Kazi hiyo yahitaji daftari, kalamu na subira. Tukiichelewesha, wajukuu wetu watamjua Garrigan, na babu zao hawatawajua.

Wallahu a'lam.