Gia za umeme zisikufanye utupe magurudumu yako



Najua nimekuwa kimya kwa muda hapa ukumbini kwangu. Kazi ya kukimbiza habari imenibana: leo Mtumba kwenye wizara, kesho Chamwino, keshokutwa mhariri anataka stori ya zabibu kabla ya saa kumi. Leo nimeamua kuziweka siasa pembeni. Nataka tuzungumze kuhusu baiskeli, na hasa magurudumu. Usiondoke kwanza, mwisho wa siku hii ni habari ya mfuko wako.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, ili usidhani nimekuja kukufundisha nikiwa juu ya mti.

Ninayo baiskeli ya mbio, ya mtumba, niliyoinunua nilipoanza kupata mshahara. Fremu ya alumini, breki za kubana ringi, gia kumi nyuma. Magurudumu yake ni ya zamani lakini yamenyooka, na yamenipeleka Msalato, Veyula na Makutupora mara zisizo na idadi. Miezi kadhaa iliyopita binamu yangu anayeishi Ujerumani akanitumia zawadi: seti nzima ya gia za umeme, Ultegra Di2 ya Shimano, toleo la gia 11 lililotoka mwaka 2017. Ilikuwa imetumika, lakini nzima kabisa.

Kwa wale wasiozijua, hii si baiskeli ya umeme. Miguu ni yako, jasho ni lako. Umeme unafanya kazi moja tu: kusogeza mnyororo. Badala ya waya wa chuma unaovutwa kwa kidole, unabonyeza kitufe, na mota ndogo iliyo kwenye deraila (ule mkono wa nyuma unaobeba mnyororo) inausogeza hadi kwenye sproketi nyingine. Betri imefichwa ndani ya nguzo ya siti. Shimano walileta Di2 ya kwanza ya barabarani mwaka 2009, SRAM wakaleta eTap isiyo na nyaya mwaka 2015, na leo hata Wachina wanatengeneza za kwao.

Nikampigia simu muuza spea mmoja, ambaye sitamtaja. Nikamweleza nilicho nacho. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hayo magurudumu ya zamani tupa, bwana mdogo. Hayaendani na umeme. Nunua mapya."

Nikanunua. Shilingi laki sita na nusu, wadau. Mshahara wa mwandishi mnaufahamu, sina haja ya kueleza nilikula nini mwezi ule.

Halafu nikaenda kwa fundi wangu, mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, si mbali na soko la Majengo. Nikamkuta anaziba pancha. Dodoma hii fundi hakosi pancha, mbigiri wametapakaa kila njia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mwandishi leo umekuja na mzigo!"

Akaangalia magurudumu mapya, akaangalia ya zamani, akaangalia kaseti. Akachomoa kipimo chake cha chuma, akapima. Kisha akaniuliza swali ambalo bado linaniuma: "Sasa haya mapya umeyanunulia nini?"

Nikamwambia kwamba ya zamani hayaendani na gia za umeme.

Mzee akacheka mpaka solisheni ikamwagika. "Mwanangu, gia hailijui gurudumu. Gia inaijua kaseti."

Hebu tutafakari sentensi hiyo, maana ndani yake ndimo zilimo laki zangu sita na nusu.

Mota ya deraila imepangiwa hatua. Kwenye mfumo wa gia 11 wa Shimano, kutoka sproketi moja hadi nyingine ni kama milimita 3.74. Kwenye gia 10 ni kama milimita 3.95. Tofauti ni ndogo, lakini ukiipanda ngazi yote kutoka sproketi ya kwanza hadi ya mwisho, kosa linajikusanya hadi karibu milimita mbili, na mnyororo unaanza kupiga kelele na kuruka. Kwa hiyo ni kweli kwamba gia ya umeme ya 11 inataka kaseti ya 11. Lakini spoki, ringi na tairi haina habari nazo. Haijui kama gurudumu ni la mwaka 2008 au la wiki iliyopita.

Swali linalobaki ni moja: je, kaseti ya 11 itaingia kwenye habu ya zamani? Hapa muuzaji wangu alikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio ulioniumiza. Kile kisilinda chenye mifereji ambacho kaseti inavaa, wenyewe wanakiita frihabu, kwenye magurudumu ya barabarani ya Shimano ya gia 8, 9 na 10 ni kifupi kwa kama milimita 1.85 kuliko cha gia 11. Kaseti ya kawaida ya barabarani ya gia 11 inakikataa.

Ila Shimano hao hao wanatengeneza kaseti ya barabarani ya gia 11 yenye meno 11 hadi 34 inayoingia kwenye frihabu hiyo fupi. Siri yake ni rahisi. Sproketi kubwa ya meno 34 ni pana kiasi kwamba inaweza kuinamia ndani, juu ya spoki, bila kuzigusa. Nafasi iliyokosekana inapatikana huko. Ukiipeleka kwenye frihabu ndefu ya gia 11, unaweka pete nyembamba ya milimita 1.85 nyuma yake. Na deraila yangu, ile ya mkono mrefu, inaruhusiwa kubeba meno 34.

Maana yake nilihitaji kaseti moja tu, kwa chini ya nusu ya pesa niliyotoa.

Nilipokuwa narudi nyumbani, nikiwa na magurudumu manne na aibu moja, niliwaza reli yetu. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma Julai 2024, watu wengi tulisema mabehewa ya zamani hayawezi kupita kwenye reli mpya kwa sababu reli mpya ni ya umeme. Si kweli. Reli ya Mjerumani, iliyofika Dodoma mwaka 1910, ina upana wa milimita 1,000. Reli ya SGR ina milimita 1,435. Behewa la zamani linashindwa kwa sababu ya upana. Ungetandika nyaya za umeme juu ya reli ya zamani, magurudumu ya zamani yangepita bila shida. Umeme hauna kosa.

Kwenye baiskeli ni vivyo hivyo. Neno "umeme" linatutisha hadi tunasahau kupima. Basi, kabla hujatupa gurudumu, pima mambo manne haya.

La kwanza ni frihabu, kama nilivyoeleza. Uliza kaseti ipi inavaa pale.

La pili ni upana wa habu ya nyuma. Baiskeli nyingi za barabarani zenye breki za ringi ni milimita 130, zile za chuma za zamani zaidi ni 126. Za milimani za kizazi kilichopita ni 135. Fremu nyingi mpya zenye breki za diski ni 142, na za milimani 148.

La tatu ni ekseli. Ya zamani ni nyembamba na inabanwa kwa kishikio cha kufungua haraka. Fremu mpya zinataka ekseli nene ya milimita 12 inayopenya kutoka upande mmoja hadi mwingine. Na hapa usikate tamaa mapema: habu nyingi za 135 zilitengenezwa ili zibadilishwe vifuniko vya pembeni na kuwa 142. Vifuniko viwili vidogo vinaweza kuokoa gurudumu zima.

La nne ni breki. Kama fremu ni ya diski na habu haina mahali pa kufunga diski, mjadala umekwisha.

Sitaki nikudanganye, yapo magurudumu yanayokataa kabisa. Lile la Phoenix au Avon la inchi 28 ambalo babu alibebea mahindi haliingii kwenye mchezo huu. Kipenyo chake mahali tairi linapokaa ni milimita 635, wakati la barabarani la kisasa ni 622, na nyuma lina sproketi moja ya kufunga kwa uzi. Mfumo wa SRAM AXS wa gia 12 ulioingia barabarani mwaka 2019 ulikuja na kaseti zinazoanza na meno 10, na meno 10 hayaenei kwenye frihabu ya kawaida, yanataka ya kwao iitwayo XDR. Na ile SRAM Transmission ya mwaka 2023 inafungwa moja kwa moja kwenye fremu ya aina maalumu, hivyo ukiwa na fremu ya zamani usianze hata kupima gurudumu.

Lakini yapo pia yanayokubali kuliko tunavyodhani. Gia 12 za Shimano za barabarani zilizotoka mwaka 2021 zilikuja na kaseti zinazoingia kwenye frihabu za gia 11. Wheeltop ya China ina mfumo wa umeme ambao unaupangia idadi ya gia kwa programu ya simu, kwa hiyo hata mwenye kaseti ya gia 8 au 9 hajaachwa stendi.

Najua kuna mdau atauliza: kijana, wewe unaongelea gia za umeme wakati kuna watu wanasukuma Phoenix zenye madumu manne ya maji? Hiyo si anasa?

Ni swali halali, na jibu langu ni kwamba ugonjwa ni ule ule. Yule mwenye Phoenix naye anaambiwa anunue gurudumu zima wakati kilichokufa ni gololi na grisi. Nimemwona kwa macho yangu kijana wa mkaa pale Nkuhungu akikaribia kulipia gurudumu jipya, kumbe spoki mbili zimekatika kati ya 40. Asiyejua kupima hulipa, awe na Di2 au awe na keria. Tofauti ni kwamba yule wa mkaa akilipa, watoto wake ndio wanaolala njaa.

Na hata hawa wa mbio tusiwadharau. Septemba 2025 dunia nzima ya baiskeli ilikuwa Kigali, mara ya kwanza kwa mashindano ya dunia ya barabarani kufanyika Afrika. Vijana wetu waliyatazama kwenye simu. Wapo hapa Dodoma, nawaona alfajiri barabara ya Iringa na ya Kondoa, juu ya baiskeli za mtumba zilizounganishwa kwa vipande vya nchi tatu. Tukiwaambia kwamba kila kifaa kipya kinataka baiskeli mpya nzima, tumewaambia kwa lugha nyingine kwamba mchezo huu ni wa watoto wa matajiri.

Ombi langu kwa wauzaji: kabla hujasema "tupa", sema "lete tupime". Mteja uliyemwokolea laki tatu leo atarudi kesho na wenzake. Kwa vyuo vyetu vya ufundi: tunafundisha magari, tunafundisha bodaboda, lakini fundi baiskeli bado anajifunza kwa kukaa chini ya mti na kuchungulia. Kozi fupi yenye kipimo, jedwali la vipimo na simu yenye programu ya kupangia gia haiwezi kuishinda nchi hii. Kwa sisi wenye baiskeli: tujue namba zetu, kama tunavyojua saizi ya viatu.

Na tahadhari moja. Kutunza si kung'ang'ania. Ringi iliyoliwa na breki mpaka ukuta wake umebonyea, au spoki zilizokatwa na kutu, hizo tupa kweli. Usalama wako ukiwa kwenye mteremko hauokolewi na jedwali lolote.

Yale magurudumu mapya niliyauza kwa hasara. Kwa pesa iliyorudi nikaagiza kaseti ya 11 hadi 34. Mzee akaifunga kwenye magurudumu ya zamani, akakaza, akapanga gia kwa kubonyeza kitufe mara tatu nne, na akanitoza elfu kumi. Jumapili iliyopita nilikwenda nayo hadi Makutupora na kurudi. Gia zilibadilika kimya kimya kama paka anayepita ukumbini.

Njiani nilipata pancha mbili. Mbigiri za Dodoma hazijui kama gia ni za umeme.

Nawasilisha.