VIGWAZA: MNAZI MZURI HAUPENDI SAFARI

Wiki hii nakupeleka Vigwaza. Najua wengi wenu mnaijua Vigwaza ya dirisha la basi tu. Umetoka Dar, umepita Kibaha, umepita Mlandizi, umevuka mto Ruvu, mara basi linapunguza mwendo na konda anaanza kujikoholesha. Kumbe mizani hiyo. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga, wauza maji na mahindi ya kuchoma wanakimbilia madirishani, dakika chache mmeondoka, nawe unajisifu kuwa Vigwaza umefika. Hujafika, bwana wee. Vigwaza inaanza pale unapoiacha lami.

Kazi yangu mnaijua: kutafuta mahali pa kukata kiu na kuwaletea habari. Ndugu zangu wa swala tano naomba radhi mapema, ila msifunge ukurasa, maana hata nyinyi mna fungu lenu huko mbele. Safari hii nilijiwekea sharti moja tu: chupa ya kiwandani isiguse mdomo wangu.

Si kwamba nina ugomvi na chupa. Lakini bia ya kiwandani haina siri. Ile uliyokunywa Mbeya ndiyo hiyo hiyo utakayoikuta Tanga, na ndiyo hiyo hiyo itakayokuwepo mwakani. Tangu TBL ilipobinafsishwa mwaka 1993 na Wasauzi wakaingia ubia, watu wanalipwa mishahara mizuri kuhakikisha chupa ya leo haipishani na ya jana. Pombe ya kienyeji haiko hivyo. Ina mwenyewe, ina siku yake na ina saa yake. Ukikosea kimojawapo, umekunywa kitu kingine kabisa.

Na uzuri wa Vigwaza ni kwamba pombe za pwani na za bara zinakutana hapo hapo. Wenyeji ni Wakwere na Wazaramo, watu wa mnazi. Halafu barabara kuu imeshusha watu wa kila kabila: wakulima, wafugaji, vibarua, mafundi, na wake zao ambao wamekuja na ufundi wa jikoni kwao.

MGEMA NA KOTAMA YAKE

Nilianza na mnazi, kwa sababu kwenda pwani ukaanza na komoni ni kama kwenda Bagamoyo ukaagiza migebuka. Kijana mmoja wa bodaboda alinipeleka ndani ndani, kwenye mashamba ya mikorosho na miembe, mpaka kwa mzee mmoja mgema. Nilimkuta chini ya mnazi, kibuyu kiunoni na kotama mkononi, kile kisu kilichopinda kama mwezi mchanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kunywa au umekuja kuuliza?"

Nikamwambia vyote viwili. Akacheka, akapanda. Shina limechongwa vidato toka chini hadi juu, na mzee, kwa umri ule, alikuwa anakwenda kama anapanda ngazi za nyumbani kwake.

Kwa ambao mnakunywa bila kujua, somo lenyewe ndilo hili. Mgema hachomi shina wala hakamui nazi. Anatafuta karara changa, lile linalobeba maua, kabla halijafunguka. Analifunga kamba lisipasuke, analigongagonga taratibu kwa siku kadhaa, halafu anakata ncha kidogo kwa kotama. Maji yanaanza kudondoka kwenye kibuyu, tone moja moja. Asubuhi anapanda, jioni anapanda, na kila akipanda anakata ncha tena, kijipande chembamba kama kucha, maana kidonda kikikauka na maji yamekatika. Karara lililogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mwenye shamba anaamua: nazi au mnazi? Ukisikia mgema analalamika kuhusu mwenye shamba, ugomvi mara nyingi uko hapo.

Maji hayo yakitoka tu ni matamu, hayana ulevi wowote wa kusema. Ndilo tembo tamu. Lakini hamira ya mnazi haitiwi na mtu, inajileta yenyewe kutoka hewani na kwenye kibuyu. Ndani ya saa chache povu linapanda. Jioni kinywaji kinakuwa kimefikia ukali unaokaribia wa bia ya kawaida. Ukikilaza mpaka kesho kinakukunja uso, na kesho kutwa ni siki, mpe mama akapikie samaki.

Sasa umeelewa kwa nini nasema kina saa yake? Mnazi ni kinywaji cha siku moja.

Mzee alishuka, akachuja nyuki waliozama (nyuki nao ni walevi, usiwaone hivyo), akanimiminia kopo. Rangi ya maziwa yaliyotiwa maji kidogo. Povu laini. Utamu kwa mbele, halafu uchachu unaokuja taratibu na kuusafisha ulimi. Hakuna harufu ya kuoza. Hakuna utamu wa kunata midomoni. Nikanyamaza. Mzee akaniangalia, akajua kimeingia.

Ndipo nikamchokoza na methali ile ya wahenga: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Je, ni kweli? Mzee hakukasirika. Akajifuta jasho, akasema: "Mwanangu, wahenga walimwonea mgema. Mimi nikitia maji, jioni hii hii mnywaji ananijua, na kesho haji. Maji yanatiwa huko njiani."

Nililipima lile neno nikaona lina uzito. Kutoka kwa mzee mnazi unaingia kwenye dumu la mchuuzi. Mchuuzi anaufikisha barabarani. Barabarani kuna mwenye baiskeli au pikipiki. Yeye anamfikishia mwenye kilabu mjini. Kila mkono unataka chake. Mmoja anaongeza maji ili dumu lijae. Mwingine anaona umekuwa mwepesi, anaongeza sukari. Wa mwisho anauchanganya na wa jana ili usitupwe. Ukija kuunywa Dar unalaumu pwani nzima. Mnazi mzuri haupendi safari, mpenzi msomaji. Ufuate wewe, usiusubiri ukufuate.

MAMA NA PIPA LAKE

Siku ya pili nilihamia kwa wabara. Kilabu chenyewe ni banda la makuti, mabenchi manne, na mama mmoja mnene mwenye sauti ya ukamanda. Kwake hakuna kukopa na hakuna kutukanana. Ukileta fujo anakutoa mwenyewe, hahitaji baunsa.

"Karibu kaka, kaa. Ya leo imeiva, ya kesho usiiguse."

Ya leo ilikuwa komoni. Mama alinieleza bila kuficha. Unga wa mahindi unalowekwa mpaka uchache. Halafu unakaangwa juu ya moto mpaka ugeuke rangi ya kahawia, na hapo ndipo ile ladha ya kuungua kidogo inapotoka. Unatengenezwa uji, unapoa, kisha unatiwa kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Kimea ndicho kinachougeuza wanga kuwa sukari, sukari inageuka ulevi. Wataalamu wa viwandani wanafanya kitu hicho hicho kwa shayiri, ila wao wamevaa makoti meupe.

Komoni ni nzito. Inakunywika kama inaliwa. Makopo mawili yamekushibisha, na hili ni jema lake, maana tumbo linakuambia basi kabla kichwa hakijakwisha. Inywe ingali vuguvugu ya kuchacha, kwenye kopo safi, siku iliyoiva. Mama alinionyesha pipa la kesho: lilikuwa linachemka lenyewe bila moto, bubu bubu bubu, kama mtu anayesengenya.

Hapo hapo nilikutana na wanaume wakibishana kuhusu pombe za kwao. Mchaga akasifia mbege yake ya ndizi na ulezi, yenye uchungu wa gome la msesewe. Mhehe akasema kama hujanywa ulanzi wa mianzi msimu wa mvua, Iringa, wewe hujazaliwa. Mhaya akataja rubisi. Mnyakyusa akamaliza kwa kimpumu cha ulezi kinachonywewa kwa mrija. Nikagundua kitu: hakuna hata mmoja aliyedai kwamba pombe ya kwao ukiipata Vigwaza ni nzuri. Wote walisema ukainywe kule kule. Walikuwa wanasema neno la mzee mgema bila kumjua.

Na nyinyi ndugu zangu niliowaahidi fungu, lenu hili hapa: togwa ya mama huyo huyo, iliyochukuliwa mapema kabla haijachacha, ni tamu na imepoa. Wanafunzi wanapita kuinunua wakitoka shule. Ukitaka dafu, lipo barabarani. Hakuna atakayekutazama vibaya.

KIOO KISICHO NA MWENYEWE

Sasa niwe mkali kidogo. Jioni ile ile, nyuma ya banda jingine, kijana alininong'oneza kama nataka "ile nyeupe". Unaijua. Gongo. Inauzwa kwenye vichupa vya maji, haina lebo, haina jina la mpishi, na muuzaji anaangalia huku na huku. Sheria inayokataza kuipika bila leseni ipo tangu mwaka 1966, na humo inaitwa moshi. Lakini tuache sheria kwanza, tuzungumze uhai.

Mnazi au komoni ikiharibika, inajitangaza: itakuchachukia, itanuka, itakupeleka chooni usiku kucha. Ile nyeupe haijitangazi. Mtu akichanganya humo methanoli, ile spiriti ya viwandani, hutaijua kwa macho wala kwa ulimi. Nairobi mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Mwezi Aprili 2010 ikawa zamu ya Kabale, Uganda, wakafa makumi ya watu kwa waragi iliyotiwa methanoli. Walikuwa watu wa kawaida wenye fedha kidogo na kiu ya jioni, kama mimi na wewe.

Hapa kwetu viroba vilipigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, na wengi tulishangilia. Lakini mlevi wa kiroba hakuacha kuona kiu siku ile. Alikwenda wapi? Kama jirani yake kuna mgema mwaminifu na mama mwenye pipa safi, huenda alikwenda huko. Kama hawapo, alikwenda nyuma ya banda.

Ndiyo maana neno la mzee lilinikaa kichwani. Nilimuuliza ana wanafunzi wangapi wa kugema. Hana hata mmoja. Vijana wake wanaendesha bodaboda, na nani awalaumu? Ukianguka kwenye bodaboda angalau uko karibu na ardhi. Minazi nayo inapungua. Upo ugonjwa unaoiua pwani hii: majani yanageuka manjano, kilele kinaanguka, shina linabaki limesimama kama nguzo ya simu. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulianzishwa tangu mwaka 1979, watafiti wamehangaika nao miaka mingi, na ugonjwa bado upo. Mnazi ambao haukuuawa na ugonjwa unakatwa kupisha kiwanja. Mgema akiondoka na mnazi ukiondoka, kiu haitaondoka nao. Itatafuta kitu kingine, na kitu hicho hakitakuwa na mwenyewe.

UKIENDA, FANYA HIVI

Mnazi unywe saa kumi hadi magharibi, siku uliogemwa. Uliza umetoka shamba gani. Muuzaji mkweli atakuonyesha kwa kidole. Ukiona mwepesi kama maji ya mchele, ukinata midomoni, au ukinuka siki, rudisha kopo kwa adabu. Komoni omba ya leo na uangalie kopo kabla ya kuangalia pipa. Kula kwanza. Kinywaji kisicho na mwenyewe, usikiguse hata ukipewa bure.

Na nyinyi madereva wa malori, nawaheshimu kwa kazi yenu, lakini nawaomba. Ile mizani inapima uzito wa gari, haipimi alichokunywa dereva. Anayekipima ni lami ya mbele. Kunyweni togwa, mkifika mnakolala ndipo mtajua wenyewe.

Kwa mzee mgema na mama wa komoni, mimi nasema wasifiwe, tena kwa sauti. Methali inatuogopesha kumsifu mgema, lakini mtu asiyesifiwa wala kulipwa vizuri ndiye anayetupa kotama na kununua pikipiki. Ukikunywa kizuri, sema ni kizuri, lipa bila kubembeleza, na mtajie rafiki yako njia ya kufika.

Wiki ijayo nikijaliwa nitakuwa Bagamoyo mjini, nikitafuta pweza wa jioni na mahali pa kumlia. Mpaka hapo, kunywa kidogo, fika nyumbani.