Mto Ulio Chini ya Bahari



Sisi tuliolelewa pwani twajua kuwa fungu la mchanga halina makao: wakati wa kusi hulikuta hapa, kaskazi ikivuma limekwisha hama. Lakini wengi wetu tumekua tukidhani kuwa kilindini hakuna mwendo wowote, ila giza, baridi na tope linalotua polepole. Hata wataalamu wengi walidhani hivyo, hadi mwaka 1966, Bruce Heezen, Charles Hollister na William Ruddiman walipoeleza kwamba miteremko ya tope iliyo mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani imefinyangwa na mikondo ya chini inayoambaa kando ya bara. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwezi huu twapenda kuutazama mkondo mmoja wa namna hiyo, utokao kwenye mlango wa bahari wa Jabal Tariq, baina ya Moroko na Hispania. Bahari ya Mediterania hupoteza kwa jua na upepo maji mengi kuliko yale inayoletewa na mvua na mito, nayo chumvi hubaki. Kila kilo ya maji yake ina gramu 38 hivi za chumvi, ilhali ya Atlantiki iliyo jirani ina gramu 36 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yatosha kuyafanya maji hayo kuwa mazito zaidi. Basi maji mepesi ya Atlantiki huingia kwa juu, na yale mazito hutoka kwa chini, yakavuka kizingiti kilicho kwenye kina cha mita 300 hivi, kisha yakateremka upande wa magharibi mithili ya mto.

Mto huo una nguvu. Karibu na mlango, mwendo wake hupita mita 2 kwa sekunde, nao hukwangua sakafu ya bahari ukaacha mwamba na changarawe. Mzunguko wa dunia huuvuta upande wa kulia, ukaambaa mteremko wa Hispania na Ureno, kwenye kina cha baina ya mita 500 na 1400. Kadiri unavyopungua kasi ndivyo unavyotua mzigo wake: kwanza mchanga, kisha tope laini. Hivyo mahali pamoja huchimba mifereji, na mahali pengine hujenga vilima vya tope vyenye unene wa mamia ya mita.

Baina ya Novemba 2011 na Januari 2012, meli ya uchunguzi JOIDES Resolution ilitoboa vilima hivyo na kutoa nguzo za tope zenye urefu wa jumla wa zaidi ya kilomita 5. Humo, tabaka kwa tabaka, wataalamu husoma jinsi mkondo ulivyoshika kasi na kulegea tangu mlango ulipofunguka, yapata miaka milioni 5.3 iliyopita.

Ila mkondo haubagui mzigo. Mwaka 2020, watafiti waliochunguza sakafu ya Bahari ya Tirenia, magharibi ya Italia, walitangaza kuwa katika mita moja ya mraba walikuta hadi vipande milioni 1.9 vya plastiki, vidogo mno, ndani ya tabaka la sentimita 5 tu. Vingi vilikuwa nyuzi zitokazo kwenye nguo. Mikondo ya chini ilikuwa imevikusanya kama inavyokusanya tope. Na mikondo hiyo hiyo ndiyo inayowapelekea viumbe wa kilindini hewa na chakula. Kwa hiyo walipo viumbe ndipo takataka zinapolundikana.

Jambo hili latugusa majumbani mwetu. Nguo za nailoni na poliesta zikifuliwa kwa mashine humwaga nyuzi, na mitambo ya kusafishia maji machafu haizizuii zote. Usafi ni wajibu wetu, wala hatusemi watu waache kufua. Lakini kuijaza mashine vizuri, kutumia maji baridi kwa muda mfupi, na kuchagua pamba inapowezekana, hupunguza mzigo huo. Kinachotoweka machoni petu hakijatoweka; kimebebwa tu, na kitatuliwa mahali.

Hadi mwezi ujao, inshaallah.