Gunia Tulilokwisha Kuvuna

Ndugu zangu wa Kolwezi, nanyi mnaolima huko Mutshatsha na Lubudi,

Fungueni gunia la mahindi lililolala ndani tangu Mei. Kama liliingizwa na unyevu, mnajua kitakachofuata: ukilinyanyua tu, unga mweupe unachuruzika miguuni, na kinu hakijaguswa. Huo ni unga wa fukusi. Chota kiganja kimoja, punje zina matundu, nyepesi kama maganda. Mama aliyeshika jembe tangu mvua za Novemba, akapalilia na mtoto mgongoni, kumbe alikuwa akiwalimia wadudu.

Mahindi hupotea mara mbili: yakiwa shambani, na yakishafika nyumbani. Hasara ya shambani tuliiona kwa majirani zetu wa Zambia mwaka 2024. Mvua ilikatika mahindi yakiwa bado mabichi, na tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema akatangaza ukame kuwa janga la taifa. Katika hekta kama milioni 2.2 za mahindi, karibu milioni 1 ziliharibika. Mavuno yakashuka kutoka zaidi ya tani milioni 3.2 mwaka 2023 hadi kama milioni 1.5. Nasi tunaosonga bukari kwa unga unaopita mpakani Kasumbalesa, karibu kilomita 400 kutoka hapa, hatuwezi kusema hayo ni ya wenyewe. Shamba la jirani likikauka, sufuria ya Kolwezi inapungua.

Lakini Zambia walijua walichopoteza. Kila mwaka serikali yao hupima mavuno na kuyatangaza. Mvua iliporudi, mwaka 2025 walivuna zaidi ya tani milioni 3.6. Na wao pia wamewahi kuonja hasara ya pili: mwaka 2011 walivuna tani kama milioni 3, maghala yakajaa, na sehemu ya mahindi yale ikanyeshewa nje ikaoza. Mvua nzuri peke yake haishibishi mtu.

Hasara yetu ya mkoa wa Lualaba, ndugu zangu, haina rais wa kuitangaza. Inakuja polepole: debe hapa, nusu gunia kule, lori limekwama kwenye matope na mzigo wake umelowa. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba nafaka inayopotea baada ya mavuno katika Afrika kusini mwa Sahara ina thamani ya dola bilioni 4 kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba pia hukimaliza.

Ukame hatuna mkono wa kuuzuia. Gunia lililokwisha kuingia ndani ya nyumba, hilo liko mikononi mwetu. Basi nawaomba mambo manne.

Kausheni juu ya turubai, msianike juu ya udongo. Kabla ya kufunga gunia, chukueni chupa kavu, tieni punje kadhaa na chumvi kavu kidogo, mtikise, kisha muiache itulie. Chumvi ikinata kwenye ukuta wa chupa, rudisheni mahindi juani. Ikianguka yote chini, yako tayari.

Fungeni vizuri. Kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje. Kila mmoja ukifungwa peke yake bila kuacha hewa, fukusi wanakosa pumzi na kufa, bila dawa yoyote. Mfuko mmoja ni ghali kwa mtu mmoja. Wakinunua watu kumi kwa pamoja, bei yaweza kujadiliwa.

Tengeni mahindi yenye kuvu, msiyachanganye na mazima wala kuyasaga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu ya mahindi iliua watu 125. Kuchekecha hakuiondoi, kupika hakuimalizi.

La mwisho, hesabuni. Kila kikundi kiwe na daftari moja: magunia yaliyoingia, yaliyoliwa, yaliyouzwa, yaliyoharibika. Daftari hilo lina kazi kubwa katika mkoa huu wa shaba na kobalti. Sheria ya madini ya nchi yetu ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zinazochimba zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zilizo jirani na machimbo, na inazitaka zikubaliane na jamii hizo juu ya ahadi zao katika hati tunayoiita cahier des charges. Machifu wetu na wajumbe wetu wakiingia mkutanoni mikono mitupu, watarudi na maneno. Wakiingia na hesabu ya kijiji, mwaka kwa mwaka, wana haki ya kusema: tunataka ghala lenye sakafu ya saruji, turubai za kuanikia, na barabara ya kutoa mazao kabla ya mvua.

Shaba tunayochimba inaondoka kwa malori usiku na mchana. Mahindi haya ni ya kubaki, yatulishie watoto hadi mavuno mengine. Mwezi wa Mei utakapofika, kabla ya kufunga gunia la kwanza, naomba kila nyumba iwe na chupa moja, chumvi kidogo na daftari.