Kidhibiti Mwendo Tunacho. Kidhibiti Sauti Kiko Wapi?

Wasee wa Ruiru na Thika, leo nitagusa nganya. Najua hapo ndipo watu huvuana mashati, kwa hivyo soma mpaka mwisho kabla hujanitusi.

Nina mlio kwa sikio la kushoto. Hauishi. Ni kama kuna friji mzee inanguruma chumba cha pili, ngiiii, mchana na usiku. Nina miaka 22.

Ulianza mwaka jana. Nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikaamua video ndiyo kazi. Asubuhi napanda nganya Ruiru kwenda tao, siti ya nyuma kabisa, juu ya spika za besi, kwa sababu mbogi hukaa huko. Jioni nganya tena. Usiku hedifoni mpaka saa nane nikikata video. Usiku mmoja nikavua hedifoni, na sauti ikabaki.

Nikangoja ipite. Haikupita. Ndipo nikaenda kupimwa. Wanakufungia kwenye kibanda kisichopitisha sauti, wanakupa kitufe, unabonyeza kila ukisikia mlio. Karatasi yangu ilitoka na mstari umenyooka vizuri, halafu ukazama kama shimo la barabara pale kwa herzi 4,000. Yule mtaalamu aliangalia akaniuliza swali moja tu: "Unafanya kazi kiwandani ama kwa matatu?"

Hilo swali ndilo limenifanya niandike. Kwa sababu jibu lake linaamua kama serikali inakujali ama haikujali.

Ukiwa wa kiwandani, una sheria. Kanuni za kelele kazini za 2005 zinasema mfanyakazi asiwekwe kwenye kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Kelele ikizidi 85, mwenye kazi lazima awe na mpango wa kulinda masikio ya watu wake. Thika ni mji wa viwanda, hizi kanuni zinamhusu mama anayeshinda kwenye mashine za nguo. Sasa huyo mama akitoka getini jioni, akavuka barabara, akapanda gari la kwenda nyumbani, nani anahesabu anachosikia humo? Na makanga je? Kanuni zinataja viwanda na sehemu nyingine za kazi. Sehemu ya kazi ya makanga ni mlango wa gari, kuanzia alfajiri mpaka usiku. Mimi nimepanda magari ya Thika Road maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu amekuja na mashine kupima hapo.

Basi nikapima mwenyewe na simu. Najua simu si mashine ya maabara, usinikosoe kwa hilo. Siti ya nyuma, ngoma zikiwa zimepanda, ilicheza kati ya 95 na 100.

Hapa ndipo hesabu inauma. Desibeli haziongezeki kama bei ya unga. Ukiongeza 3 tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni inakuwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 unaweza kuzivumilia saa 40 kwa wiki. Kwa 90, saa 4. Kwa 95, saa moja na robo. Kwa 100, dakika 20. Kwa wiki nzima, si kwa siku! Jumatatu asubuhi ukikwama kwenye foleni ya Githurai ndani ya nganya, mgao wako wa wiki umeisha kabla hujafika Roysambu. Kinachofuata mpaka Jumapili ni deni. Na hatujaongeza klabu ya Ijumaa wala hedifoni za usiku.

Shirika hilohilo linasema vijana zaidi ya bilioni 1 duniani, wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya muziki wa sauti ya juu. Hao ni sisi. Si shosho wa Gatundu.

Wacha nieleze kinachoharibika, kwa sababu shuleni walitufundisha kuchora sikio na kupaka rangi, basi. Ndani kabisa kuna koklea, kitu kidogo kilichojikunja kama nyumba ya konokono, kimejaa maji. Humo kuna seli zenye vinyweleo, kama elfu 15 hivi kwa kila sikio. Sauti inatikisa maji, vinyweleo vinainama, ubongo unapata habari. Kelele ikizidi, vinyweleo vinavunjika na seli inakufa. Haioti tena. Ngozi inapona, mfupa unaunga, lakini hizi seli ulizaliwa nazo na ndizo hizo tu. Jirani yake mlemle ndani kuna mifereji mitatu inayokushikilia usipepesuke ukitembea. Sehemu yenyewe ni ndogo hivyo na kazi zake ni kubwa hivyo.

Na kelele huanza kula pale kwa sauti za juu, penye s, f, sh na t. Ndiyo maana mtu anaanza kusema "nasikia lakini sielewi". Juzi mathe aliniambia "shika mlango", nikamuuliza "nifike wapi?" Alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa najua mtakachosema, kwa sababu nilikuwa nasema hayo hayo.

La kwanza: "Mlio huwa unapita ukilala." Ndiyo, mara nyingi unapita. Lakini mwaka 2009 watafiti wawili wa Boston, Sharon Kujawa na Charles Liberman, waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2. Baada ya siku kadhaa usikivu wa panya ukarudi. Vipimo vya kawaida vikasema wako sawa. Walipoangalia ndani, karibu nusu ya viungo vinavyounganisha seli na mshipa wa kusikia, katika sehemu iliyopigwa zaidi, vilikuwa vimepotea. Panya si binadamu, na kwetu sisi wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani. Lakini usiniambie tena kwamba mlio ukipita basi sikio limepona. Huenda limenyamaza tu.

La pili: "Sayansi italeta dawa." Natamani. Kuku na ndege wengine seli zao huota upya, hilo limejulikana tangu miaka ya 1980. Watu wamejaribu kuihamishia kwetu. Kampuni moja ya Marekani, Frequency Therapeutics, ilikuwa na dawa ya kudungwa sikioni, na watu wengi wenye shida yangu duniani waliingojea kama mvua. Februari 2023 matokeo ya majaribio yakatoka: haikushinda dawa bandia. Ikaachwa. Mlioona video ya watoto wa China waliozaliwa viziwi wakaanza kusikia, ile ni kweli. Matokeo yalichapishwa Januari 2024, watoto sita wakatibiwa na watano wakapata kusikia. Lakini wale walizaliwa na jini moja lenye kasoro, na seli zao zilikuwa bado zipo. Zangu zimekufa. Huwezi kutengeneza redio ambayo imeshachomwa. Na kwa mlio wenyewe, ule madaktari wanauita tinitasi, hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kuuzima. Kuna tiba ya mazungumzo inayokufundisha kuishi nao. Ndiyo ninayojaribu. Inasaidia kiasi, lakini friji bado inanguruma.

La tatu, na hili ndilo kubwa: "Nganya ni utamaduni wetu. Unataka turudi kwa magari ya wazee?" Sikiza. Video yangu iliyotazamwa sana kuliko zote ni ya besi ya nganya ikitikisa kioo mpaka kinalia. Nimelipa mbao juu ya nauli ya kawaida nikaacha gari tupu liende, nikangoja lenye ngoma. Kwa hivyo sijatoka mbinguni kuwahubiria. Michoro ni sanaa. Taa ni sanaa. Mwaka 2014 Rais Uhuru alisema hadharani michoro iachwe, na nilifurahi. Michoro haijawahi kumfanya mtu asimsikie mamake. Ngoma nzuri kwa desibeli 85 ni ngoma ileile. Kama wimbo wako hauwezi kusimama bila kunivunja sikio, basi wimbo ndio mbovu.

La nne: "Kama hutaki, panda gari lingine." Mwanafunzi wa darasa la sita anayepanda gari la kwanza lililokubali kumbeba kwa nusu nauli, yeye achague lipi? Makanga ambaye mdosi amemwambia gari bila ngoma halijai, yeye apande lipi?

Na usiniambie haiwezekani. Mwaka 2004 waziri John Michuki alilazimisha matatu ziwe na mikanda na kidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Wenye magari walilalamika kwamba biashara itakufa. Imekufa? Nenda stegi uangalie. Leo hakuna anayesema kasi ni utamaduni wetu, hata yule dere anayeichezea hiyo mashine anajua anaiba. Kwa sauti hakuna hata anayehisi kwamba anaiba.

Nataka kitu kimoja. NTSA wakikagua gari kabla ya kulipa kibali, wakague na spika: desibeli 85 kwenye siti ya nyuma, kifaa cha kufunga sauti isipite hapo, kama kile cha mwendo. NEMA tayari wana kanuni za kelele za 2009, zenye faini ya hadi shilingi 350,000 ama kifungo cha miezi 18. Kwa hivyo nchi hii inajua kelele inaumiza. Inachohitaji ni kuingia ndani ya gari. Na SACCO zetu hazihitaji kungoja Nairobi. Zikiamua Jumatatu, Jumanne tunasikilizana.

Mpaka hapo, kazi ni yetu. Usikae juu ya besi. Nunua vile vizibo vya masikio vya sponji, ni vya bei rahisi. Simu isipite nusu na kidogo. Ukitoka klabu na masikio yanalia, yape siku kadhaa za kimya, usiyarudishe kesho yake. Ukiwa na mlio unaozidi wiki, ama sikio moja limeziba ghafla bila sababu, usiweke mafuta ya kitunguu. Nenda hospitali, na kwa hilo la ghafla nenda siku hiyohiyo, kwa sababu kuna dawa zinazosaidia zikianzwa mapema.

Wiki iliyopita nilipanda gari Ruiru nikamwambia makanga, "Kiongozi, punguza kidogo." Mbogi ya nyuma ikanicheka, mmoja akaniita mzee. Makanga hakujibu. Nikarudia. Akanisogelea, akageuza kichwa, akaniletea sikio la kulia karibu na mdomo wangu, akasema, "Ongea huku, hilo lingine halishiki."

Hakuwa anatania, na hawezi kuwa amefika miaka 30.